Chatu wa Bujora na Somo la Kuchora

Kwa miaka mingi tuliyofundisha sanaa katika shule ya sekondari mkoani Mwanza, tulianza kila mwaka kwa njia ile ile: chupa juu ya meza, kivuli chake ubavuni, kisha barabara ambayo kingo zake mbili hukutana mbali kwenye upeo wa macho. Ndivyo tulivyofundishwa nasi, wala hatukujiuliza kama ipo njia nyingine. Mwanafunzi aliyeweza kuifanya karatasi bapa ionekane ina kina ndiye aliyepata alama nzuri.

Mwaka mmoja kijana wa Kisesa alituletea mchoro wa mtu na nyoka. Mtu alisimama akitutazama. Nyoka alitandazwa kando yake kama aonwavyo na mtu anayemwinamia, mwili wote wazi toka kichwa hadi mkia. Hapakuwa na ardhi wala kivuli. Tukaandika kwa wino mwekundu: "Nyoka huyu anaelea." Alama tuliyompa hatupendi kuitaja. Kijana hakubisha, alisema tu, "Mwalimu, nikimchora kwa ubavu hutamjua ni nyoka gani."

Neno hilo lilitujia tena Bujora. Hapo, karibu na Kisesa, katika barabara iendayo Musoma, ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement, na ndipo wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana kila mwezi wa Juni katika sikukuu ya Bulabo. Tuliwapeleka wanafunzi kutazama ngoma. Mchezaji mmoja akamlaza chatu mchangani. Umati ulirudi nyuma, na mwalimu, ukweli lazima usemwe, alikuwa wa kwanza. Kisha tukasogea, tukachungulia kwa juu. Mwili wa chatu ulikuwa mstari mmoja, mnene katikati na mwembamba kuelekea mkiani. Mabaka ya mgongoni yalifuatana, na kati ya baka na baka palikuwa na nafasi. Nazo nafasi zile zilikuwa na maumbo yake. Kutoka pale tulipokuwa tumekimbilia, tulikuwa tumeona kitu kama kamba tu.

Bayeye, yaani chama cha Wasukuma wanaocheza na nyoka na kujua dawa za sumu yake, walikuwa na desturi ya kuchora picha kwenye kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanachama wapya. Nyumba za udongo hazidumu, lakini Hans Cory alizikusanya baadhi ya picha hizo katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1953. Tulipokifungua tuliona haya. Mchoraji hakushughulika na umbali wala kivuli. Kila kiumbe alikionyesha kwa upande unaokitambulisha. Wamisri wa kale nao walichora uso kwa ubavu na jicho kwa mbele, na hakuna anayewaandikia kwa wino mwekundu. Kwa mtu atakayemshika nyoka kwa mkono wake, kumtambua si jambo la urembo.

Tangu hapo chupa imesogezwa hadi muhula wa pili. Muhula wa kwanza mwanafunzi hukata umbo moja katika karatasi nyeusi na kulilaza juu ya karatasi nyeupe, bila gundi. Hulisukuma huku na huku. Likiwa katikati kabisa, limelala. Likigusa ukingo, jicho linatoka nje pamoja nalo. Likisogezwa kidogo upande mmoja, weupe uliobaki unapata umbo na uzito, na karatasi nzima inaamka. Ndipo tunapomwambia abandike. Wengine humaliza kwa dakika tano. Mmoja alitumia vipindi vitatu, na kazi yake ilistahili. Rangi huja baadaye, mbili tu, kwani mwenye rangi kumi huficha mstari mbovu kwa urahisi. Barabara na kingo zake bado tunaifundisha, maana atakayechora picha ya nyumba kama ionekanavyo kwa macho ataihitaji.

Yule kijana alikwisha maliza shule tulipotaka kumrekebishia alama. Mchoro wake aliuacha dawatini. Tumeutundika darasani pamoja na wino wake mwekundu, na kila mwaka huwataka wanafunzi wapya watuonyeshe kosa liko wapi.