Umepoa



Baadhi yenu mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini shairi langu liitwalo "Umepoa" silitaki litiwe katika mkusanyiko wowote, ilhali lilipata kusomwa barazani likasifiwa. Nimekuwa nikijibu kwa mkato kwamba lina kasoro. Mmoja wenu, mjuzi wa arudhi, alilipima akaniandikia kuwa kasoro hakuiona: mizani imetimia na vina havichechemei. Alisema kweli, kwani kasoro ninayoisema haimo katika arudhi. Leo nitaieleza, kwa kuwa mwenye haki ya kuniruhusu ameniruhusu.

Ubeti wa kwanza ni huu:

Moto uliouwasha, mekoni sasa majivu,
Nikija kukuamsha, wanijibu kwa uchovu,
Kama mimi nakuchosha, sema usiwe mvivu,
Umepoa, wanitisha, mapenzi hayana nguvu.

Nilimtungia mke wangu, Mama Rehema. Wakati huo tulikuwa tukiishi Tanga, nami nilikuwa ningali nafundisha. Katika nyumba yetu mimi nilikuwa mtunzi na yeye alikuwa mghani, maana Mungu hakunijalia sauti. Shairi nililolimaliza usiku, asubuhi yeye huliimba akipepeta mchele, na palipomkwaza ulimi nilijua kuwa pana mzani uliozidi.

Alipotimiza miaka hamsini na miwili akaanza kubadilika. Alilala mapema na kuamka amechoka. Alisahau sufuria jikoni. Nikimuuliza neno, jibu lilikawia kama linalotoka kisimani. Sauti yake ikawa nzito na yenye mikwaruzo, akaacha kughani. Na Februari, mwezi ambao Tanga hata kuta hutoa jasho, yeye alivaa sweta ndani ya nyumba na kuomba blanketi usiku.

Mshairi akiambiwa "nasikia baridi" huelewa jambo moja tu. Lugha yetu imetufundisha hivyo: penzi ni moto, chuki ni baridi, aliyekinai amepoa. Nikajiambia kuwa nimekinaiwa. Badala ya kumuuliza nikachukua kalamu, na jioni moja nikalisoma shairi barazani mbele ya wenzangu. Wakacheka, wakapiga makofi. Mama Rehema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Aliliweka chini, akarudi ndani. Hakusema kitu, nami ukimya ule nikauhesabu kuwa ushahidi mwingine.

Miezi minane baadaye binti yetu alikuja likizo. Alimtazama mama yake usoni, macho yamevimba na nyusi zimepungua, akaniita pembeni. "Baba, mama anaumwa. Hamkuona?"

Hospitalini daktari alimgusa shingo, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, kisha akaanza kumuuliza. Mama, unasikia baridi wenzako wanapotoka jasho? Unachoka hata siku usiyofanya kazi? Kuamka kunakuwa kuzito? Mwili umekosa nguvu? Kila swali, mke wangu aliitikia "ndiyo". Nami nilikuwa nimekaa kando, nikisikia kipande baada ya kipande cha ubeti wangu: baridi, uchovu, kuamka, nguvu. Nilikuwa nimeandika orodha ya dalili kwa mizani kumi na sita, nikaiita lawama.

Damu ilipopimwa ikaonekana kuwa tezi ya shingo imezembea. Ndiyo ile ambayo wataalamu huiita thairoidi. Imekaa mbele ya koo chini ya kikoromeo, imetanua mbawa mbili mithili ya kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayouambia mwili mzima uende kwa kasi gani: moyo upige upesi au polepole, chakula kiungue kwa moto mkali au hafifu, mwili upate joto kiasi gani. Juu yake iko tezi nyingine ndogo kama njegere, chini ya ubongo, ambayo huipelekea amri. Ya shingo ikilegea, ya juu huzidisha kelele. Katika damu ya mke wangu kelele zilikuwa nyingi na mwitikio mdogo.

Tangu siku ile nimeyafuatilia maneno haya, kwa kuwa ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufuatilia jambo.

Fungua kamusi utazame "tezi". Utaikuta ikiwa na maana zaidi ya moja. Moja ni hii ya mwilini. Nyingine ni ya mabaharia: upande wa nyuma wa chombo, unaoitwa pia shetri. Ndiyo iliyomo katika methali yetu, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sidai kuwa maneno haya ni ndugu. Lakini aliyewahi kupanda jahazi anajua kuwa tanga ndilo linaloonekana na kusifiwa, na usukani uko nyuma, kwenye tezi. Mimi nilikuwa nimelitazama tanga lililolegea, nikamlaumu baharia.

Ama "homoni", neno hilo lina umri wa miaka mia moja na ushei tu. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakakitia asidi. Kongosho likatoa maji yake vilevile, kana kwamba limeambiwa. Habari ilikuwa imesafiri kwa njia ya damu. Mwaka 1905 Starling akampa mjumbe huyo jina, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha na kusukuma. Sisi tumelitohoa, na wengine hupendelea "kichocheo". Neno hilo lina uzuri wake, kwani kuchochea ni kazi ya jikoni: ni kusogeza kuni ili moto usife. Upungufu wake ni kwamba homoni nyingine kazi yao ni kutuliza. Insulini, kwa mfano, huishusha sukari iliyozidi katika damu. Ningekuwa na mamlaka ningeiita "mjumbe", nikikumbuka pia kuwa mjumbe hauawi.

Lakini neno lililonitoa machozi ni "madini joto". Limeandikwa katika pakiti za chumvi, nasi tunalipita dukani kila siku. Ndiyo iodini. Tezi ya shingo haiwezi kuiunda homoni yake bila hiyo. Bahari inayo; udongo wa milima mingi umeoshwa na mvua hata ikapungua. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa nyanda za juu kusini, alikuwa na rovu shingoni, na katika kijiji chao hakuwa peke yake. Tezi inayokosa madini hayo hujitanua ikijaribu kuokota hata kidogo kilichopo. Miaka ya 1990 Tanzania ilipoagiza kuwa chumvi ya kula itiwe madini joto, ni rovu kama lile lililokuwa likipigwa vita.

Madini joto! Sijui mwenye kubuni jina hilo alikusudia nini, lakini kwa neno "joto" hakukosea. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nililitumia kila mlo bila kulisoma.

Ugonjwa wa mke wangu, hata hivyo, haukutokana na chumvi. Ni ule ambao daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza mwaka 1912: kinga ya mwili huigeukia tezi na kuishambulia kama adui. Dawa yake ni kuupa mwili homoni ambayo tezi imeshindwa kuitoa. Hadi leo Mama Rehema humeza kidonge kimoja kila alfajiri kwa maji matupu, kabla ya chai. Kina mikrogramu 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Huo ndio uzito wa kitu nilichokiita mapenzi yasiyo na nguvu.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Baada ya wiki kadhaa sweta lilirudi kabatini. Sauti ilichelewa zaidi. Asubuhi moja nilikuwa natia maji bustanini nikasikia mtu anaghani jikoni, kwa chini, kama anayejaribu ufunguo katika kufuli la zamani. Nilisimama pale hata ndoo ikafurika.

Sikumwomba radhi siku hiyo, wala mwaka huo. Wanaume wa rika langu tunajua kutunga beti ishirini za kuomba mvua, lakini "nisamehe" hutushinda. Niliyaficha makaratasi ya shairi lile, nikadhani nimelifuta. Mwezi uliopita nilimwona analisoma. Alikuwa amelikuta ndani ya daftari la zamani. Ndipo nilipomwambia yote niliyowaambia ninyi, na neno lile nikalitamka hatimaye.

Akavua miwani. "Baba Rehema, siku ile mlangoni nilidhani unasema kweli. Nilidhani ni mimi niliyebadilika, nikawa najichukia."

Nilimuuliza kama nilichome moto. Akatikisa kichwa.

"Liache. Vina vyake vizuri. Ila ukiwapa watu walisome, waambie nilikuwa naumwa."

Basi nimewaambia. Anayetaka kulitia shairi hilo katika mkusanyiko anaruhusiwa, kwa sharti kwamba maneno hayo ya mke wangu yatangulie ubeti wa kwanza. Nanyi mtungao, yupo huenda nyumbani mwenu aliyepoa. Kabla ya kutafuta kina, mguseni mkono, mwone kama ni wa baridi.