Barua kutoka Lichtenberg

Ami yangu mpenzi,

Huku baridi tu ndiyo inayotutesa. Jana nilikwenda Lichtenberg, mashariki ya Berlin, kuangalia makao makuu ya Stasi, usalama wa taifa wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Siku hizi ni makumbusho.

Ofisi ya Erich Mielke, waziri wake tangu 1957 hadi 1989, haitishi hata kidogo. Utadhani ya mkuu wa chuo. Vinavyotisha ni vyombo. Kuna ndoo ya kumwagilia maua, kamera imefichwa tumboni. Kuna chupa za kioo zenye vitambaa vya manjano: mtu aliitwa kuhojiwa, akakalishwa juu ya kitambaa bila kujua, kisha harufu yake ikafungiwa chupani ili mbwa aje kumtambua. Hapo nilisimama mpaka watu wa nyuma wakanipita.

Wizara ilikuwa na waajiriwa 91,000 hivi, mbali na mashushushu wa mitaani wanaokadiriwa kupita 170,000, katika nchi ya watu milioni 16. Na Ukuta wa Berlin ulipoanguka, wote hao hawakufua dafu.

Lakini Ami, kupelelezana si jambo geni popote. Lililonishangaza mimi ni lililofuata. Maofisa walipoanza kuchana majalada, wananchi waliwavamia, na tarehe 15 Januari 1990 wakaingia makao makuu hayo ya Lichtenberg. Tangu 1992 kila aliyechunguzwa anaruhusiwa kusoma jalada lake. Majina ya waathirika wengine hufichwa, ila shushushu aliyekuchongea kwa jina la bandia, unaweza kuomba utajiwe jina lake halisi. Maombi ya kusoma majalada yameshapita milioni 3. Wapo wasiothubutu mpaka leo, wakihofia watamkuta nani humo: ndugu, pengine mume. Serikali kuwajibika, kwangu mimi, ni huku kufungua majalada. Kuomba radhi redioni tu hakunitoshi.

Sasa nikuulize wewe uliyekuwapo. Mwaka 1964 Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alifika kwetu Unguja, na watu wake wakawafundisha kazi watu wetu wa usalama. Nyumba walizotujengea Wajerumani hao pale Kikwajuni kila mtu anaziona. Yaliyoandikwa juu ya watu miaka ile je, nani anayo, na mtoto wa aliyechukuliwa usiku aende dirisha gani kuyaomba?

Ukimjua mzee aliyefanya kazi nao, muulize, kisha uniandikie. Au basi, usiandike. Mfungo Mosi nakuja, inshallah, tutazungumza barazani.

Mwanao