Kuingia maabara ukiwa nyumbani: sogeza vidole, usisogeze faili

Mwezi huu wanafunzi watatu wa sayansi ya kompyuta wamenipigia simu na swali moja: "Kaka, kazi yangu yote iko kwenye kompyuta za idara, nami niko nyumbani. Nifanyeje?" Kujibu mmoja mmoja kunamaliza salio, kwa hivyo nimeona niandike mara moja, yeyote mwenye shida hiyo asome.

Kwanza tuelewe kwa nini ni vigumu. Kompyuta nyingi za idara hupewa anwani za ndani, zile zinazoanza na 10 au 192.168. Anwani hizo zinajulikana ndani ya mtandao wa chuo tu. Ukiziita kutoka kwenu, laptopu yako itazitafuta humo humo nyumbani, na labda itakayoitika ni ruta yenu. Basi lazima kuwe na mashine moja yenye mguu mmoja nje na mwingine ndani. Hilo ndilo lango. Unaingia langoni, kisha lango linakupitisha hadi maabara.

Chombo cha kupitia ni SSH. Iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kule Ufini, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo hicho na kunasa maneno ya siri ya watu. Siku hizo wengi walitumia Telnet, ambayo hupeleka neno la siri wazi kama maandishi ya postikadi. Kila anayelishika njiani anaweza kulisoma. SSH hufunga mazungumzo yote kwa msimbo. Kwa hivyo mkumbuke, hiki si kifaa cha mabenki tulichoazima. Kilizaliwa chuoni, kwa shida za chuoni. Toleo huria, OpenSSH, lilitoka mwaka 1999, na leo linapatikana kwenye Linux, macOS na hata Windows bila kulipa chochote.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hukosea njia.

Mwaka 2020 nilikuwa mwaka wa nne. Mradi wangu ulikuwa programu ya kutambua magonjwa ya mahindi kwa kuangalia picha za majani. Picha zilikuwa GB 40, zote kwenye diski ya mashine moja ya maabara jijini Nairobi. Tarehe 15 Machi serikali ikatangaza kwamba shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona. Nikapanda basi kwenda kwetu Webuye.

Nyumbani mtandao wa simu ulinipa Mbps 2, tena siku njema. GB 40 ni biti bilioni 320. Gawanya kwa milioni 2 kila sekunde, unapata sekunde 160,000, yaani saa 44 na zaidi bila kukatika hata mara moja. Na bando la GB 40 mfukoni mwa mzee wangu halikuwamo.

Lakini ukitumia SSH, kila herufi unayobonyeza inasafiri kama pakiti ndogo ya baiti mia moja hivi. Mashine ya Nairobi ndiyo inayofanya kazi nzito, wewe unaandika amri na kusoma majibu. Jioni nzima ya kazi ilinila MB chache tu. Ndiyo sababu nasema sogeza vidole, usisogeze faili.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Tengeneza jozi ya funguo kwa amri ssh-keygen -t ed25519. Ufunguo wa wazi mpe msimamizi auweke langoni na kwenye mashine ya maabara. Ule wa siri usitoke kwenye laptopu yako, na uufunge kwa neno la siri.

2. Pita langoni kwa amri moja: ssh -J jina@lango jina@maabara.

3. Ukishaingia, fungua tmux kabla ya kuanza kazi ndefu. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea kule kule. Ukirudi unaikuta ilipofika.

4. Ukilazimika kuleta faili, tumia rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, 1996. Faili ikiwa tayari iko pande zote mbili, rsync hulinganisha vipande na kutuma vile vilivyobadilika tu.

Kuna jambo moja ambalo SSH haiwezi: kubonyeza kitufe cha kuwashia mashine. Aprili 2020 stima zilipotea maabara, na zilipoletwa mashine yangu ikabaki imezimwa. Tangu tarehe 6 mwezi huo, kuingia na kutoka Nairobi kulikuwa kumepigwa marufuku. Nilimpigia fundi wa maabara, mzee mmoja anayeishi karibu na chuo.

"Kijana, mashine yako imelala," akaniambia alipofika pale. "Nitaiamsha, halafu niifundishe kuamka yenyewe."

Aliingia kwenye mipangilio ya BIOS akachagua mashine iwake kila stima zinaporudi. Dakika mbili tu. Kabla ya Julai stima zilipotea mara mbili zaidi, na mara zote mbili niliingia bila kumsumbua mtu.

Rafiki yangu wa idara nyingine hakuwa na bahati hiyo. Vipimo vyake vya udongo vya mwaka mzima vilikuwa kwenye kompyuta ya maabara isiyo na lango. Aliomba afunguliwe njia, akaambiwa asubiri chuo kifunguliwe. Alisubiri. Alihitimu mwaka mmoja baada yangu, na kazi aliyokuwa ameahidiwa ikawa imeshachukuliwa. Sikumshinda akili wala bidii. Tofauti yetu ilikuwa mlango mmoja.

Kwa hivyo kwa wakuu wa idara wanaosoma hapa: lango halihitaji seva ya bei kali. Kompyuta kuukuu yenye Linux inatosha. Inachohitaji ni mtu anayewajibika: aisasishe, akubali funguo tu na kuzima maneno ya siri, na afunge akaunti ya mwanafunzi anapoondoka. Msipofungua mlango unaolindwa, wanafunzi watatoboa ukuta.

Nanyi wanafunzi, msitoboe ukuta. Najua kuna programu za kuona skrini kwa mbali ambazo unaweza kuziweka kimyakimya kwenye mashine ya idara Ijumaa jioni. Mtandao huo huo ndio unaobeba alama na mitihani ya watu wengine. Tundu lako ni tundu la wote. Omba ruhusa, na ukinyimwa, ombeni kama darasa, kwa barua.

Nisiwachoshe. Ukipewa njia, ijaribu ukiwa bado chuoni. Toka kwenye waifai ya chuo, washa data ya simu yako, kisha uone kama unaingia hadi kwenye mashine yako. Izime kwa swichi ya ukutani, washa tena, uone kama inaamka yenyewe. (Usisahau kuhifadhi kazi yako na kumuuliza fundi kwanza!) Ukikwama, fundi yuko hatua hamsini kutoka ulipo. Ukisubiri hadi ufike kwenu, atakuwa mbali, na huenda hata simu yake imezimwa.