Kitabu cha Alabama, Sinia la Kitengela

Tarehe 11 Julai 1960 kilitoka nchini Marekani kitabu cha mwanamke wa Alabama, Harper Lee, kiitwacho To Kill a Mockingbird. Wiki tano baadaye, tarehe 18 Agosti, Peter Poole alinyongwa gerezani Nairobi. Alikuwa Mzungu wa kwanza kunyongwa nchini Kenya kwa kosa la kumwua Mwafrika. Aliyeuawa aliitwa Kamawe Musunge. Mwezi wa Oktoba 1959 Musunge alivamiwa na mbwa wa Poole. Akarusha mawe ili ajikinge, na mwenye mbwa akampiga risasi. Walioketi kuamua hatia yake, yaani juri, walikuwa Wazungu watupu, nao walimtia hatiani. Kisha maelfu ya watu wakatia saini maombi ya kutaka asamehewe. Gavana akakataa.

Tulipowasimulia watoto wetu mambo hayo mawili kwa pamoja, swali lao la kwanza halikuhusu kitabu. Waliuliza: mbona ilikawia mpaka 1960? Uingereza ilitangaza himaya yake hapa mwaka 1895. Hiyo ni miaka 65. Je, katika miaka yote hiyo hapakuwa na Mzungu mwingine aliyemwua Mwafrika?

Sisi tunaoandika haya ni wazazi wa nyumba chache za watu wa pwani, wa Mombasa, Lamu na Malindi, ambao riziki imetuleta Kitengela. Wengine wetu hupanda matatu alfajiri kwenda Nairobi. Wengine wana kazi zao papa hapa, kandokando ya barabara ya Namanga. Jumamosi, watoto watokapo madrasa, hukutana katika nyumba mojawapo, na baada ya chakula husomewa kitabu. Wakubwa husoma kwa Kiingereza, kisha hukisimulia kwa Kiswahili ili wadogo nao wafuate, na wazee wakiwapo. Msimu uliopita ilikuwa zamu ya kitabu hiki, na hatukutazamia kwamba kingetuchukua muda mrefu hivyo.

Kwa asiyekisoma: msimulizi ni Scout Finch, binti ambaye hadithi inapoanza hajatimiza miaka sita, aishiye na kakake Jem na baba yao mwanasheria katika mji mdogo wa Maycomb, miaka ya 1930. Baba anapewa kumtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kwamba amemnajisi msichana wa Kizungu. Ushahidi u wazi hata kwa mtoto. Msichana amepigwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo aliyempiga yaelekea alitumia mkono wa kushoto. Na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Watoto wanayatazama hayo kutoka roshani walikotengewa watu weusi, maana chini hapana nafasi. Juri inamtia Tom hatiani, naye baadaye anauawa kwa risasi akijaribu kutoroka gerezani.

Wengi hukisifu kwa kutuonyesha dhuluma kupitia macho safi ya mtoto. Sisi tulipokisoma kwa sauti, mbele ya watoto wa umri uleule, tulikwama penye jambo dogo ambalo sifa hizo hulipita. Katikati ya kesi, rafiki yao Dill anaangua kilio kwa jinsi mwendesha mashtaka anavyomsemesha Tom kwa dharau, na Scout anamtoa nje. Huko nje Scout, huyu mwenye macho safi, anamtuliza mwenzake kwa hoja kwamba Tom, hata hivyo, ni mtu mweusi tu. Hana chuki moyoni. Anasema vile kama asemavyo mtoto kwamba leo kuna jua. Kumbe neno lilikwisha kuingia, na hakuna aliyeona siku lilipoingia, wala baba yake mwenye hekima zote zile.

Turudi kwenye swali la watoto. Walikuwapo. Mwaka 1923, karibu na Molo, mlowezi aitwaye Jasper Abraham alimpiga viboko mfanyakazi wake, Kitosh, kwa sababu alimpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu. Kitosh akafa. Juri ya Wazungu ikaona kwamba si mauaji bali ni kujeruhi vibaya, na kifungo kikawa miaka miwili. Kisa hicho Karen Blixen alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1937, Out of Africa, na shamba lake lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, ambavyo leo vimo katika kaunti hii yetu ya Kajiado. Na Wamaasai wa Kajiado wana kesi yao pia. Baada ya mkataba wa mwaka 1911 walihamishwa kutoka Laikipia, wao na watoto na ng'ombe, waletwe upande huu wa kusini. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani kudai haki yao. Waliambiwa kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya dola mbili, kwa hiyo mahakama haina mamlaka ya kuusikiliza. Ni ajabu ya sheria: waliofanywa raiya katika kila jambo walihesabiwa dola huru siku walipokuja kudai ardhi.

Hayo yote ni mepesi kusimulia, kwa kuwa mkosaji ni mwingine. Ugumu u kwetu.

Serikali ya kikoloni ilitupanga kwa ngazi: Mzungu juu, kisha Mhindi na Mwarabu, kisha Mwafrika chini kabisa, shule mbali, hospitali mbali, kodi mbali. Sisi wa mwambao tulijikuta hatuna kidato kinachotutosha. Wapo wazee wetu waliopigania kwa miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu, wasihesabiwe pamoja na wenyeji, na hatuwalaumu kwa kutafuta nafuu katika mpango ambao hawakuubuni. Lakini kupanda kidato ni kumwacha mtu chini yako. Na maneno ya kumwachia tulikuwa nayo kabla ya mkoloni: mshenzi, mtu wa bara, Mnyika. Hata neno letu zuri, ustaarabu, lina Uarabu ndani yake, na twalitamka kila siku bila kulisikia.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti alikuwapo nyumbani kwetu shangazi, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, aliyepanda treni kutoka Mombasa kuja kututazama. Sinia la wali wa nazi na mchuzi wa kuku liliandaliwa mkekani, na watoto sita wakalizunguka. Mmojawao alikuwa mwenzake binti yetu darasani, msichana wa Kimaasai aliyezoea kuja kusikiliza kitabu. Wali ulipowekwa aliomba maziwa, akayamimina upande wake wa sinia, akachanganya kwa vidole, akala kwa furaha. Watoto wengine hawakustaajabu, walikwisha kumzoea. Shangazi alitazama, akainuka, akaingia jikoni. Huko akasema kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo, "Mwanangu, na hawa nao mwala nao sinia moja?"

Hakusema zaidi. Si mtu wa matusi. Ni mwanamke mcha Mungu aliyelea yatima watatu. Binti yetu alikuwa amekuja kuchukua maji, na alisikia.

Jumamosi iliyofuata, kabla sinia halijatua, binti alikwenda kabatini akatoa sahani, akampakulia rafiki yake peke yake, akaweka kikombe cha maziwa kando. Alifanya hivyo kwa mapenzi, akadhani anamkirimu. Rafiki yake aliitazama ile sahani, kisha akalitazama sinia, akala kimya. Tulioiona sura yake tulifahamu kwamba sentensi moja ya jikoni imefanya kwa wiki moja kazi ambayo Maycomb iliifanya kwa miaka.

Msomaji wa kitabu atakumbuka kwamba na humo mna chakula cha namna hiyo. Walter Cunningham, mtoto wa maskini, anaalikwa kula kwa akina Finch, anamwaga asali ya miwa juu ya chakula chote, na Scout anamcheka. Anayemwita Scout jikoni na kumkaripia ni Calpurnia, mpishi mweusi: mgeni ni mgeni, awe nani. Baadaye shangazi wa Scout anakataza mtoto yule asialikwe tena. Watoto wetu walipofika hapo walitazamana, na mmoja akacheka kwa haya. Hatukusema kitu. Kitabu kilikuwa kimesema.

Juu ya Calpurnia tulibishana sana. Mama mmoja miongoni mwetu alisema kwamba mwandishi amempenda Calpurnia bila kumpa nyumba. Watoto wa Finch wanapelekwa naye kanisani kwake siku moja, wanagundua kwamba ana usemi mwingine akiwa na watu wake, na baada ya hapo anarudi jikoni. Tom naye tunamjua kwa mkono wake na kifo chake. Watoto wake hawapewi nafasi ya kusimulia. Tuliona kwamba mama huyo ana haki. Na hapo akatuuliza dada anayetufulia na kutulelea watoto, atokaye Machakos au Kakamega, hula wapi, na kwa kikombe gani. Katika nyumba nyingi tunazozijua, za pwani na za bara, kikombe chake kina alama. Mtoto amlaliaye mapajani hujua alama hiyo kabla ya kujua kusoma.

Lililobaki lilikuwa shangazi, na hili ndilo lililotukosesha usingizi. Kumkosoa mzee mbele ya watoto ni kuwafundisha utovu wa adabu. Kumnyamazia ni kuwafundisha lile la jikoni. Baba mmoja alikumbusha kisa wanachosimulia wanavyuoni, cha sahaba aliyemtukana Bilali kwa weusi wa mama yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kwamba ndani yake mna ujahili. Sahaba yule hakuwa mtu mwovu, akasema baba huyo. Alikuwa Abu Dharr, mkweli wa wakweli. Mwingine akajibu kwamba Mtume aweza kumwambia Abu Dharr, lakini yeye hawezi kumwambia shangazi wa mumewe.

Mwishowe tulimwomba shangazi awasimulie watoto utoto wake. Hatukumwambia kwa nini. Alisimulia Mombasa ya miaka ya 1950: shule ya watoto wa Kizungu aliyokuwa akipita nje ya ua wake kila asubuhi, bembea alizoziona baina ya michongoma, na siku alipoingiza mkono kugusa mnyororo wa bembea, mlinzi, mtu mweusi kama yeye, akamfukuza kwa fimbo. "Alinambia mimi n'mchafu," alisema. "Nami nalikuwa n'meoga." Watoto walinyamaza. Yule msichana wa Kimaasai aliuliza kama aliwahi kuingia. Shangazi akasema hakuingia kabisa. Walipofungua, yeye alikuwa amekwisha kuolewa.

Tusidanganyane kwamba alibadilika papo hapo. Mpaka anaondoka aliwaita majirani "hawa wa bara". Lakini sahani ilirudi kabatini, na ni yeye aliyeirudisha. Alimwambia binti kwamba wali ukitengwa hupoa.

Likizo ya Desemba msichana yule alimchukua binti yetu kwa bibi yake, nje ya mji wa Kajiado. Tulikwenda pamoja nao. Wamaasai nao wana neno lao, ilmeek, la kuwaitia watu wasio Wamaasai, na si neno la heshima; tulilisikia likipita baina ya wanaume uani, juu ya wageni wanaonunua viwanja vya Kitengela kimoja baada ya kingine mpaka malisho yanakwisha. Kwa hoja ya ardhi hatukuwa na la kujibu, kwa kuwa nyumba zetu zimesimama juu ya viwanja hivyohivyo. Bibi alimpa binti maziwa ya kibuyu, yenye harufu ya moshi wa kijiti kinachosafishia vibuyu vyao. Binti alionja, akakunja uso, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna sukari. Wanawake waliokuwapo walicheka mpaka machozi. Bibi hakucheka. Alimtuma mtoto dukani, mwendo mrefu juani, na wote tukangoja sukari ifike ndipo tukanywa.

Kitabu tulikimaliza Januari. Shangazi, aliyekwisha kurudi Mombasa kesi ikiwa katikati, alipiga simu usiku mmoja na kutaka kusema na binti, si nasi. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alikuwa akiuliza juu ya yule mtu mwenye mkono mbovu.

"Walimfunga, Bibi," binti alisema. Kisha akasikiliza kitambo. "La, si kwamba hawakuuona. Baba yake Scout alimsimamisha mbele yao. Waliuona wote."