Kwetu ni Wapi?

Zamani, mtu aliyekaa katika kota za polisi za Nsambya, Divisheni ya Makindye, hakuhitaji redio ili ajue kwamba Villa imefunga bao. Kelele za watazamaji zilipanda kutoka bondeni Nakivubo, zikapita juu ya Mnara wa Saa, zikamkuta mlangoni pake. Sajini mmoja wa polisi, shabiki wa timu hiyo tangu utoto wake, aliwalea watoto wake wanne katika kelele hizo. Jumamosi asiyokuwa zamu alivua sare, akateremka kwa miguu hadi kiwanjani, na usiku alirudi na mengi ya kusimulia.

Mwaka 2017 Nakivubo ilifungwa, na majukwaa yake yakabomolewa ili kiwanja kijengwe upya. Villa, iliyokwisha kutwaa ubingwa wa Uganda mara 16 na kufika fainali ya Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1991, ikajikuta haina mahali pa kuwapokea wageni wake. Ikawa inahamahama katika viwanja vya wengine. Jioni moja sajini aliketi kibarazani, akasema kwa uchungu:

"Mama watoto, timu kubwa namna hii haina kwao!"

Mkewe alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Na sisi, Baba watoto, kwetu ni wapi?"

Sajini hakuwa na jibu. Vyumba walivyokaa vilikuwa vya serikali, na siku ya kustaafu ufunguo hurudishwa kwa mwenyewe. Alikuwa amebakiza miaka sita tu kazini. Kiwanja alichonunua Bunamwaya kilikuwa kimemea magugu kwa muda wa miaka tisa. Kila mwaka ulikuja na sababu yake: mara karo, mara harusi ya ndugu, mara matanga.

Tangu siku ile alianza kuzitazama klabu za Kampala kwa jicho jingine. Express, iliyozaliwa mwaka 1957, huwezi kuitaja bila ya kuitaja Wankulukuku. KCCA ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa baraza la mji, wa idara ya maji machafu. Haikuanza na utajiri. Lakini leo anayekwenda kupambana nayo anajua kwamba anakwenda Lugogo, katika kiwanja chenye jina la Phillip Omondi, mshambuliaji wake mashuhuri. Si kiwanja kikubwa, lakini mgeni akiingia hujua yuko kwa nani.

Iliyomchoma sajini zaidi ni timu iliyotoka Bunamwaya yenyewe, kule kwenye magugu yake. Iliitwa kwa jina la mahali hapo ilipotwaa ubingwa mwaka 2010. Mwaka 2012 ikajiita Vipers. Na mwaka uleule wa 2017, Nakivubo ilipokuwa ikibomolewa, Vipers ilifungua kiwanja chake cha St. Mary's huko Kitende, kwenye barabara ya Entebbe. Timu hiyo ilikuwa imejenga, na Villa ingali ikibisha hodi.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Sajini na mkewe walikubaliana kwamba kabla ya kitu kingine chochote, kila mwezi yanunuliwe matofali, hata yakiwa machache. Mke aliongezea faida ya mboga alizouza na fedha za kikundi chake cha akiba. Mwaka wa kwanza ukapata msingi. Mwaka wa tatu kuta zikafika kwenye madirisha, zikasimama hapo kwa muda mrefu, kwa kuwa mtoto mmoja alilazwa hospitali. Hatimaye vyumba viwili vikapata mabati, na familia ikahama kabla ya amri ya kuhama kufika.

Mwaka 2024 Nakivubo mpya ilifunguliwa. Mwaka huohuo Villa ikatwaa ubingwa wake wa 17, baada ya kuusubiri kwa miaka 20. Sajini, sasa mstaafu, alisikiliza matokeo katika nyumba isiyopigwa lipu bado, watoto wakirukaruka juu ya sakafu ya udongo.

"Basi sasa Villa ina kwao?" mkewe akauliza.

"Bado," akajibu mzee. "Lakini sisi tunako."