Nchi ya Kakadu na Picha za Majabalini

Katika upande wa kaskazini wa bara la Australia, yapata maili 150 mashariki ya mji wa Darwin, iko nchi ya magenge na mbuga za maji iitwayo Kakadu. Eneo lake lapita maili za mraba 7,600, na wakazi wake ni wachache. Msafiri hupita kwanza katika msitu mkavu wenye vichuguu vya mchwa vipitavyo kimo cha mtu. Kisha huona mabwawa yaliyojaa mayungiyungi na bata bukini, na mikadi kandokando ya maji. Na mwishowe humtokea ukuta mrefu wa mawe, ambao juu yake yaanza nchi ya Arnhem Land.

Wenye nchi hiyo, ambao katika sehemu za kaskazini hujiita Bininj, huhesabu majira sita katika mwaka, toka Gudjewg, wakati wa mvua kuu na mafuriko, hata Gurrung, wakati wa joto kavu. Msafiri mwenye busara huenda kati ya Mei na Septemba, kwa maana mvua ikinyesha njia nyingi hufunikwa na maji. Tena ajihadhari na mito. Baharia Mwingereza Phillip Parker King, katika karne ya 19, aliiita mito mitatu ya huko kwa jina la alligator, mnyama wa Amerika. Lakini walioko ni mamba hasa, nao hawamwachilii mtu apigaye mbizi ovyo.

Mahali pajulikanapo sana ni Ubirr, karibu na Mto East Alligator. Chini ya majabali yaliyoinama kama mapaa ya nyumba, kuta zimejaa samaki, kasa, na wanyama wa jamii ya kangaruu, waliochorwa kwa ngeu, udongo mweupe na udongo wa manjano. Samaki wengine wameonyeshwa mifupa yao na matumbo yao ya ndani, mfano wa picha zipigwazo hospitalini. Juu kabisa, mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu, ziko picha nyingine nyekundu. Bininj husema hizo ni kazi ya Mimi, mizimu myembamba iwezayo kulishusha jabali, kulichora, na kulirudisha mahali pake.

Picha hizo si mapambo matupu. Iko moja ya mtu aitwaye Mabuyu, jina linalolingana na la tunda la mbuyu kwa bahati tu. Mabuyu alikuwa akirudi kutoka kuvua, akikokota samaki wake kwa kamba, na wezi wakaikata kamba wakamwibia. Usiku ule aliwangoja hata walipokwisha kula, akaziba mlango wa pango lao kwa jiwe kubwa, wasitoke tena. Wazee huwasimulia watoto habari hiyo mbele ya picha yenyewe, na hakuna mtoto asiyeelewa maana yake.

Picha nyingine zatunza habari za kale. Iko ya mnyama mwenye milia mgongoni, aitwaye thylacine, aliyetoweka katika bara hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kadhalika wamo Wazungu waliovaa suruali, mikono mifukoni. Maana wageni wa pwani ile ni wa tangu zamani: mabaharia wa Makassar walikuja kuvua majongoo ya bahari mpaka mwaka wa 1907. Na liko jambo litakalompendeza mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1944 askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mashariki ya Arnhem Land, aliokota sarafu tisa mchangani: nne za Kiholanzi, na tano za shaba zilizopigwa na masultani wa Kilwa. Zilifika kwa mkono wa nani, wataalamu wangali wakibishana.

Katika jabali la Burrungkuy, lililoitwa Nourlangie na Wazungu, amechorwa Namarrgon, mwenye radi, ana mashoka kichwani, viwikoni na miguuni ya kupigia mawingu. Karibu naye pana safu ya wanaume na wanawake, iliyopakwa rangi upya na mchoraji mashuhuri Najombolmi katika mvua za mwaka wa 1963 na 1964. Alifariki mwaka wa 1967. Kwa desturi yao tendo la kuchora lilikuwa na thamani kuliko picha yenyewe, na picha mpya iliweza kuwekwa juu ya ile ya zamani; lakini haki ya kuchora haikuwa ya kila mtu.

Msomaji asidhani kwamba mahali hapo pamesalimika kwa sababu ya umbali tu. Katika ardhi hiyo mna madini ya urani. Pango la Madjedbebe, ambamo watafiti walitangaza mwaka wa 2017 kwamba watu waliishi miaka 65,000 iliyopita, limo ndani ya eneo la Jabiluka lililokwisha tolewa kwa wachimbaji. Mwaka wa 1998 kabila la Mirarr, likiongozwa na Yvonne Margarula, lilisimama kupinga, na maelfu ya watu wakaja kuungana nao. Mamia walikamatwa na polisi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa Mirarr majabali hayo ndiyo daftari, hati ya nchi na mafunzo ya watoto pamoja. Mwaka wa 2005 walipata mapatano kwamba Jabiluka haitachimbwa pasipo ridhaa yao, na Julai 2024 serikali ya Australia ilitangaza kwamba hati ya uchimbaji haitaongezwa muda.

Leo Bininj ndio walio wengi katika baraza lisimamialo hifadhi ya Kakadu, iliyoanzishwa mwaka wa 1979. Walinzi huziba njia za maji yachuruzikayo mawezani, na huondoa viota vya nyigu vinavyoharibu rangi. Mahali pengine pamefungwa kwa wageni kabisa, kwa kuwa ni patakatifu; na hata pale palipo wazi, mgeni husimuliwa sehemu ya habari tu, ile impasayo. Hapana budi aridhike nayo, afuate njia iliyowekwa, wala asitie mkono juu ya ukuta, kwa maana jasho la vidole laweza kuharibu lile lililotunzwa na vizazi vingi.