Bunduki ya Shemeji

Hapa ni Sumbawanga. Baridi ya Ufipa inauma kama kawaida yake, upepo ndio usiseme, na malori ya mahindi yameanza kuingia mjini kutoka Laela na Mtowisa. Msimu wa mahindi ni msimu wa fedha, na msimu wa fedha una wageni wake. Ndiyo maana shemeji yangu, mume wa dada, anataka kununua bunduki.

Shemeji ni mnunuzi wa nafaka. Mwaka jana watu walivunja mlango wa stoo yake usiku, wakamfunga mlinzi kamba, wakaondoka na mauzo ya siku mbili. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile shemeji halali vizuri. Analala na panga chini ya kitanda na simu mkononi, na kwenye simu anaangalia video za Wamarekani wakijaribu bunduki. Sasa kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, na kwa Watanzania mwandishi anajua kila kitu, akanipa kazi: "Shemeji, nitafutie ukweli. Nichukue ipi?"

Ukweli niliopata namwekea hapa, maana najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Iliyomteka moyo ni kabini. Kwa wasiojua, hii ni bunduki fupi ya kuweka begani ambayo inakula risasi za bastola, kwa kawaida zile za milimita 9. Si wazo jipya. Winchester walitoa bunduki yao maarufu mwaka 1873, kisha Colt wakatengeneza bastola inayokula risasi ile ile, mtu akawa anabeba aina moja ya risasi kwa silaha mbili. Sifa zake ni za kweli kabisa. Bastola unaishika kwa mikono tu, ukitetemeka nayo inatetemeka. Kabini inakaa kwenye mikono miwili, bega na shavu, kwa hiyo mtu wa kawaida analenga vizuri zaidi. Mtutu mrefu unaongeza kasi ya risasi kidogo. Teke lake ni dogo, hata mtu mwembamba kama mimi halimwangushi. Kwa kulenga shabaha siku ya Jumamosi, ni raha tupu.

Na raha hiyo naijua. Waliopita JKT wanaelewa ninachosema. Wengine wamepita hapa hapa kwetu, Milundikwa kule Nkasi. Siku ya renji unalala kifudifudi na SMG, unavuta pumzi, unaiachia nusu, unabonyeza. Ukienda kukagua karatasi ukakuta tundu karibu na katikati, unatembea siku nzima kama umeoa. Kwa hiyo sitawacheka wanaopenda bunduki kama mchezo. Wenzetu Wakenya wenye leseni hukutana Kirigiti, Kiambu, wakashindana kulenga. Ni mchezo wa nidhamu.

Lakini shemeji hakuniuliza habari ya Jumamosi tu. Aliniuliza habari ya saa nane usiku. Hapo hesabu inabadilika.

Kwanza sheria. Hapa kwetu huendi dukani na kitambulisho cha NIDA ukatoka na bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inafanya silaha kuwa kitu cha kuombwa, si haki ya kudai. Unaanza kwa barua kwa mtendaji wa mtaa. Kamati ya ulinzi na usalama inakujadili: huyu mlevi? Ana ugomvi na nani? Anampiga mkewe? Maombi yanapanda wilayani, mkoani, polisi wanakuchunguza, mpaka yafike kwa Msajili wa Silaha. Yaani kabla wewe hujachagua bunduki, majirani wanakuchagua wewe. Na hata ukiipata, Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwizi anayekimbia na gunia la maharage amekupa mgongo. Ukimpiga risasi, wa kujieleza mahakamani ni wewe.

Pili, nyumba. Zile video zinapigwa kwenye nyumba za Marekani, mtu yuko peke yake na bustani kubwa. Nyumba ya shemeji iko Kizwite. Tofali la kuchoma litazuia risasi mara nyingi, sawa, lakini mlango wa mbao, dirisha na bati havizuii. Mbele ya dirisha lake kuna uani, ng'ambo ya uani wanalala wapangaji wawili na watoto wao, na choo kiko nje. Risasi ya milimita 9 haiulizi kama kivuli kinachotembea uani ni mwizi au mpangaji mwenye tumbo la kuharisha. Na msidanganyike na bunduki ya marisau pia. Watu husema hiyo haina haja ya kulenga, inatawanya. Ndani ya chumba marisau hayajapata nafasi ya kutawanyika, yanatoka kama ngumi moja. Utalenga tu.

Tatu, na hili ndilo lililomfanya dada aingilie kati. Alikuwa anakuna nazi pembeni, kimya, akaweka mbuzi chini akauliza: "Hiyo bunduki italala wapi?" Swali dogo, lakini mimi na shemeji tulikosa jibu. Ukiifungia kabatini na risasi ukazificha mbali, kama inavyotakiwa, wezi wakifika utakuwa gizani unatafuta ufunguo. Ukiiweka tayari chini ya mto, mtoto wao wa miaka tisa ataifikia kabla ya mwizi yeyote. Hakuna mtengenezaji wa bunduki aliyetatua jambo hili, awe wa Colt au wa gobore.

Nimetaja gobore makusudi. Sisi Wafipa tulikuwa wafua chuma hodari. Yale matanuri ya udongo, malungu, yalikuwa marefu kuliko mtu, na chuma chake kilitoa majembe yaliyolisha nchi hii. Leo ukisikia fundi wa kijijini amekamatwa na polisi, mara nyingi ni kwa sababu ya gobore. Ukishuka Ziwa Tanganyika, wavuvi wa Kirando na Kabwe watakuambia habari za bunduki za vita vya Kongo, zinazovuka maji na kupora injini na nyavu. Mara kwa mara serikali hutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2023. Silaha hazijapungua mkoani kiasi cha sisi kuzikosa, na sijamsikia mvuvi akisema analala vizuri zaidi.

Halafu nikakumbuka Kipeta, bondeni Rukwa, Machi 2015. Usiku watu waliingia kwenye nyumba moja wakamkata mkono mtoto wa miaka sita mwenye ualbino. Nikiwaza ulinzi wa nyumba kwetu, nawaza ile. Wale hawakuja kubahatisha, walijua wanamfuata nani na yumo nyumba ipi. Jina la mji wetu, wenyewe wanasema, maana yake ni tupa uchawi. Hatari kubwa ya usiku hapa kwetu imekuwa ni mtu anayekujua, au aliyeambiwa na anayekujua. Huyo anakuja mchana kwanza, anakunywa chai, anaona bunduki inatundikwa wapi. Na bunduki yenyewe ni mali ya kuibwa kuliko fedha.

Basi nikamwambia shemeji hivi. Ukitaka bunduki kwa ajili ya mchezo, kabini ni chaguo zuri, omba, ufundishwe, ukalenge renji panapostahili. Kwa ajili ya nyumba, anza na kinachoibwa. Mauzo yasilale stoo, yaingie benki au kwenye simu kabla jua halijazama. Weka mlango wa chuma, taa ya uani, mbwa wawili wasiopenda wageni. Mlinzi apewe filimbi na mwenzake. Na wapangaji wako waheshimu, maana saa nane usiku ukipiga yowe ni wao watakaotoka, polisi wanafuata baadaye.

Hakupenda. Akaniambia, "Wewe hujafungiwa mlinzi kamba." Ni kweli, sijafungiwa. Hofu yake si ya kuchekwa, na mtu aliyeibiwa mara moja anasikia kila panya. Lakini dada naye ana hofu yake, na yake ina jina na umri na inasoma darasa la tatu. Kamati ya mtaa ikija kutuuliza sisi ndugu, sitaficha. Nitasema shemeji ni mtu mwema, hanywi, hana ugomvi na mtu, na nyumba yake haina pa kulaza bunduki. Nimeshamwambia usoni, asije akasikia kwa watu.

Barua ya maombi ameshaiandika kwa mkono wake, iko juu ya kabati la vyombo. Mlango wa chuma nao ameshauagiza kwa fundi. Tunangoja tuone kipi kitatangulia. Wewe msomaji wangu, kwako bunduki ingelala wapi?